Butterfly inaruka kwenye ngozi: irekebishike au nitafute cherehani nyingine?

Pochi_na_Mkanda

Wakuu, habari za kazi. Nina Butterfly ya miguu, ile nyeusi JA2-1. Natengeneza pochi, mikoba midogo na mikanda kwa kujifurahisha, vitu vitatu au vinne kwa mwezi. Ngozi ya pochi ni ya mbuzi, unene kama mm 1. Ya mkoba ni ya ng'ombe, mm 1.8, na kwenye kona tabaka zinafika nne. Sindano ni namba 16 ya nguo. Uzi ni wa nailoni mnene, dukani wanauita tu uzi wa viatu.

Inaruka kila baada ya mishono mitano sita. Uzi unachambuka juu ya sindano mpaka unakatika. Chini unajifunga bonge. Na meno ya kusukuma kazi yanachora ngozi upande wa chini, alama haitoki hata nikisugua.

Nimepata mbili za kununua: cherehani ya kiwandani iliyokuwa inashona mashati, inakuja na meza na mota yake; na ile ya Kichina ya kuzungusha kwa mkono wanayotumia mafundi viatu. Nichukue ipi, au hii niliyonayo inatosha?

Sindano_22

Kwa pochi inatosha, ukiibadilishia sindano na uzi. Kwa kona ya mkoba, hapana. Tabaka nne za mm 1.8 ni mm 7.2, hapo utahangaika hata kuingiza ngozi chini ya mguu (chuma kinachobana kazi), achilia mbali kuishona.

Anza na uzi. "Uzi wa viatu" ni jina la dukani tu, linabeba uzi wa kila unene. Soma kibandiko. Butterfly isivuke Tex 70 (Tex ni kipimo cha unene wa uzi, ikipanda uzi ni mnene), ambao vibandiko vingine huuandika namba 40. Namba hizo zinakwenda kinyume na Tex: 60 ni mwembamba, 40 ni wa kati, 20 ni mnene (karibu Tex 135) na ni wa cherehani kubwa. Chukua polyesta au nailoni, usichukue pamba, maana ngozi iliyolainishwa kwa magome ya miti huuozesha uzi wa pamba polepole.

Kuchambuka kwa uzi karibu kila mara ni tundu la sindano kuwa dogo. Pima hivi: chomoa sindano, pitisha uzi wa sentimita 30, uvute uwe umeinama nusu ya wima. Sindano iteleze yenyewe mpaka chini. Ikikwama njiani, uzi huo si wake. Tex 70 unataka sindano namba 18 (110), si 16. Na iwe ya ngozi: ncha yake imenolewa kama kijisu, wakati ya nguo inasukuma tu pembeni, na ngozi haina nyuzi za kusukumwa. Butterfly inakula HAx1, ndiyo hiyo hiyo wanayoiandika 130/705H. Ya ngozi ina herufi LL mwishoni. Ubapa wa sindano utazame upande ule ule wa sindano uliyochomoa, uzi uingie kutoka upande wa pili. Ukiigeuza haitashona hata tundu moja.

Sasa kuruka. Mshono haufungwi sindano inaposhuka, unafungwa inapoanza kupanda. Ikitoka chini kabisa na kupanda kama mm 2, uzi hubaki nyuma kidogo kwa sababu ngozi imeubana, ukatuna kitanzi kando ya sindano, na ncha ya shato (chuma cha chini kinachobeba bobini) hupita ikakidaka. Ngozi ikinyanyuka pamoja na sindano, uzi nao unapanda, kitanzi hakitokei, shato inapita patupu. Zungusha gurudumu kwa mkono, taratibu, macho yako yawe kwenye mguu: ukiona ngozi inapanda na sindano hata mm 1, umeshamwona mchawi. Kaza skrubu iliyo juu ya fimbo ya mguu mpaka ngozi itulie. Usiguse shato wala urefu wa fimbo ya sindano kabla ya hapo. Mafundi wengi hukimbilia huko, na baada yake hata kitambaa hakishoneki.

Bonge la chini linatokana na uzi wa juu, ingawa kila mtu hulaumu bobini. Visahani vinavyobana uzi hufunguka mguu ukiwa juu na hufunga mguu ukiwa chini. Kwa hiyo pitisha uzi mguu ukiwa juu, ili uzame katikati ya visahani, halafu shusha mguu ndipo ushone. Mishono mitatu ya mwanzo shika ncha zote mbili za uzi kwa nyuma.

Urefu wa mshono uwe mm 3.5. Ukishona mm 2 kwa sindano ya ngozi umetoboa mstari wa kuchania, kama stempu. Na mwisho usirudi nyuma juu ya matundu yale yale kwenye ngozi ya mm 1. Vuta uzi wa juu utokee upande wa ndani, funga fundo mara mbili, kata ubakize mm 2, choma kwa kiberiti cha gesi na ubonyeze.

Alama za meno: weka karatasi nyembamba isiyo na maandishi chini ya ngozi, ukimaliza unaichana. Gazeti usiweke, wino wake unahamia kwenye ngozi.

Meza_ya_Fundi

Naongezea kwenye swali la kununua.

Ile ya mashati iache. Watu hudanganywa na neno "kiwandani" wakidhani nguvu ni ya mota. Mota haishoni ngozi. Cherehani za mashati, mfano wa Juki DDL-8700, zinasukuma kwa meno ya chini peke yake. Tabaka ya chini inakwenda, ya juu inakwama kwenye mguu, na mwisho wa mstari wa sentimita 40 utakuta ngozi ya juu imezidi ya chini. Juu ya hapo inakimbia mno, na mguu wake ni wa kitambaa.

Unachotafuta ni cherehani ambayo sindano, mguu na meno vinakwenda pamoja. Kuitambua ni sekunde kumi: ina miguu miwili, wa ndani na wa nje. Zungusha gurudumu kwa mkono. Sindano ikiwa ndani ya ngozi, yenyewe na mguu wa ndani vinarudi nyuma sambamba na meno. Halafu mguu wa nje unashuka kushika ngozi wakati sindano inarudi mbele. Ukiona sindano inapanda na kushuka tu pale pale, hata kama muuzaji anaapa ni ya ngozi, mshukuru uende zako.

Majina ya kutafuta kwa zilizotumika: Juki DNU-1541, Consew 206RB, Singer 111W155. Hizo ni za kitanda bapa, yaani unashonea juu ya meza tambarare. Ya 1541 inafika mshono wa mm 9, mguu unainuka mm 16 kwa wenzo wa goti, inatumia sindano za 135x17 (za ngozi ni 135x16), na uzi wa Tex 135 kwa sindano 22 au 23 inaula bila kelele. Mkoba wako wote unaisha hapo, kona na kila kitu.

Kuna kosa la upande wa pili nalo: mtu ananunua zile kubwa za mkono wa bomba (unashonea juu ya bomba lililochomoza, si meza), familia ya Juki TSC-441, kwa sababu inashona hadi tandiko la farasi. Sindano zake ni nene, uzi mwembamba haukai vizuri, na pochi ya mbuzi inatoka imetobolewa kama chujio. Kwa mtu wa pochi na mikoba ni hela imelala.

Mota. Cherehani zinazotoka viwandani mara nyingi huja na mota ya klachi, na nyingi ni za fezi tatu. Soma kibati: ikiandikwa 380 au 415 V, haitafanya kazi kwenye soketi ya nyumbani. Hata ya fezi moja, ya klachi inaunguruma muda wote hata hushoni, na ukigusa pedeli inaruka kama mbuzi aliyefunguliwa kamba. Weka servo (mota inayozunguka ukikanyaga pedeli tu) ya wati 550, punguza kasi mpaka mshono mmoja kwa sekunde, na badilisha puli ya mota iwe ndogo, mm 45 au 50. Puli ndogo inapunguza kasi na kuongeza nguvu ya kutoboa kwa wakati mmoja.

Siku ya kwenda kuiona, beba vipande vyako na uzi wako. Usikubali kitambaa cha muuzaji. Shona tabaka mbili, panda kwenye nne, shuka tena kwenye mbili. Urefu wa mshono usibadilike kwenye ngazi. Rudisha nyuma uone kama sindano inaingia kwenye matundu yale yale. Shika fimbo ya sindano uitikise, isicheze. Mwisho fungua kifuniko cha bobini, pitisha ukucha kwenye ncha ya kulabu (chuma kinachodaka uzi chini): ukucha ukikwama kwenye mkwaruzo, uzi nao utakwama hapo hapo.

Msharasi

Mimi napingana kidogo na nyote wawili. Vitu vitatu au vinne kwa mwezi havihitaji cherehani ya pili. Mshono wa mkono wa sindano mbili ni imara kuliko wa cherehani yoyote, kwa sababu nyuzi zote mbili zinapita kila tundu. Uzi mmoja ukikatika, mwingine unashikilia. Wa cherehani ni nyuzi mbili zimekumbatiana katikati ya ngozi, ukikatika mmoja mstari unafumuka.

Vifaa si vingi. Tindo ya meno yenye nafasi ya mm 4, moja ya meno mawili kwa kona na moja ya meno sita kwa mistari. Nyundo ya mti au plastiki, si ya chuma, kwa sababu ya chuma inaponda kichwa cha tindo. Ubao mgumu chini. Bikari ya kuchora mstari mm 3 au 4 kutoka ukingoni. Sindano mbili butu, uzi wa polyesta wenye nta wa mm 0.8. Msharasi wa kupanua tundu linapokuwa na ubishi. Na kibanio cha mbao cha kukaa katikati ya magoti, ambacho fundi seremala yeyote anakutengenezea.

Kata uzi mara nne ya urefu wa mshono kwa pochi, mara tano kwa mkoba. Jino la kwanza la tindo liingie kwenye tundu la mwisho ulilopiga, ndivyo mstari unavyobaki sawa. Tindo isimame wima kabisa. Ikilala kidogo, mbele matundu yananyooka na nyuma yanatangatanga, na hapo wengi husingizia mkono. Unaposhona, sindano ya upande ule ule itangulie kila tundu na uzi wa pili upite upande ule ule wa wa kwanza. Ukichanganya hata mara moja, mshono huo mmoja unalala tofauti na wenzake na jicho linaufuata huo tu.

Gundi kabla ya kutoboa, iwe mkono au cherehani. Paka nyembamba pande zote mbili, ngoja dakika 10 hadi 15 mpaka isinate kidoleni, ndipo ubandike na kugonga. Ukishona kwa cherehani gundi ikiwa mbichi, sindano inavaa utomvu na utarudi hapa kuuliza kwa nini inaruka.

Sindano_22

Hilo la gundi ni kweli kabisa. Ila mwenzangu, mkoba una mshono wa mita mbili na zaidi, si kila mtu ana subira hiyo.

Halafu kona ya tabaka nne mnaisahau: si lazima iwe mm 7.2. Kwaruza ukingo kwa kisu chenye makali, upande wa nyama, upana wa mm 10, mpaka unene ubaki nusu. Tabaka nne za mm 0.9 ni mm 3.6. Kisu kikiwa butu kitachuna na kutoboa, kwa hiyo kinoe kila baada ya kingo chache.

Pochi_na_Mkanda

Ahsanteni sana. Nimebadilisha sindano ikawa 18 LL na uzi wa 40, nimekaza skrubu ya mguu, pochi imetoka bila kuruka. Ya mashati nimeachana nayo. Ile ya kuzungusha kwa mkono hamjaisema. Na mkanda je? Ni mm 3.5 na bitana ya mm 1.

Meza_ya_Fundi

Ya mkono ni ya mtindo wa zamani, kama Singer 29K. Mguu ndio unaosukuma ngozi, kutoka juu, na unageuka pande zote, ndiyo maana fundi viatu anaipenda: anaingiza mkono mwembamba wa cherehani ndani ya kiatu au begi na kushona kuelekea anakotaka bila kugeuza kitu. Kwa kiraka hakuna mpinzani. Kwa mstari mrefu ulionyooka ni mateso, kwa sababu hakuna meza ya kulaza ngozi na mkono mmoja umeshughulika kuzungusha. Mguu wake una meno makali na unaacha alama upande wa juu, yaani uso wa kazi yako.

Ukiichukua, ichukulie kama kitu ambacho hakijamalizwa kiwandani. Chuma chake kina ncha za mchanga wa kalibu. Pitisha msasa namba 400 kisha 800 kila mahali uzi unapogusa: tundu la bamba, shato, ndoano za juu. Sugua meno ya mguu kwa tupa laini yawe butu. Osha kwa mafuta ya taa, ikauke, tia mafuta ya cherehani kila tundu. Bobini yake ni ndogo, kwa hiyo jaza tatu nne kabla ya kuanza.

Msharasi

Mkanda ni mm 4.5. Huo shona kwa mkono, na tindo peke yake haitafika chini bila kupinda. Toboa uso kwa tindo uweke alama tu, halafu maliza kila tundu kwa msharasi, ukiusukuma kwenye kizibo cha chupa kilichowekwa nyuma ili usijichome kidole.