Njia za baiskeli za milimani: mnajuaje ipi inamfaa nani kabla hamjafika?

Kanyaga_Twende

Wakuu habari za humu. Nina swali kwa wazoefu wa baiskeli za milimani.

Mimi naendesha muda sasa, siyo mtaalamu ila mteremko wa kawaida wenye mizizi na mawe napita bila kushuka kwenye baiskeli. Shida ni wenzangu. Wife ndo ameanza juzi juzi, breki haachii kuanzia juu mpaka chini, halafu kuna mdogo wangu ana miaka 17 huyo anataka kuruka tu, akiona tuta macho yanamtoka. Tukienda njia rahisi dogo ananuna, tukienda ngumu wife anasukuma baiskeli nusu ya safari halafu nyumbani hamna anayeongea.

Sasa nimeingia kwenye hizi apu za ramani naona rangi, kijani, bluu, nyekundu, nyeusi. Nikasema basi kazi imeisha. Wapi! Nimepita bluu moja ilikuwa laini kama barabara, nikaenda bluu ya sehemu nyingine nikajikuta nimesimama juu ya jiwe nachungulia chini najiuliza hapa watu wanashukaje. Zote bluu! Hizi rangi anazipanga nani? Na nyie mnatafutaje njia ya kumfaa kila mtu? Natanguliza shukrani.

MamaGia

Mkuu rangi hazina mwenyewe mmoja, tatizo linaanzia hapo.

Marekani na sehemu nyingi wanafuata mwongozo wa IMBA, hicho ni chama cha kimataifa cha waendesha baiskeli za milimani, kipo tangu 1988, na alama zake waliazima kwa watu wa kuteleza kwenye theluji, kuanzia rahisi kwenda ngumu: duara jeupe, duara la kijani, mraba wa bluu, almasi nyeusi, halafu almasi nyeusi mbili. Uingereza wao wana kijani, bluu, nyekundu, nyeusi, na rangi ya chungwa kwa sehemu za kurukia. Kwa hiyo nyekundu ya Uingereza kule kwenye almasi haipo kabisa, inaangukia katikati ya bluu na nyeusi. New Zealand wanatumia namba 1 mpaka 6. Wajerumani wana S0 mpaka S5. Kabla hujaamini rangi angalia kwanza ni ya mfumo gani.

Ukitaka kujua IMBA wanapimaje, kwa kifupi: kijani ni njia yenye upana kama sm 90 au zaidi, mwinuko wa wastani usiozidi asilimia 5, na vikwazo visivyokwepeka visizidi sm 5 kwenda juu. Bluu upana unashuka mpaka sm 60, wastani hauzidi asilimia 10, vikwazo mpaka sm 20. Nyeusi ni sm 30 tu za upana, asilimia 15, na jiwe au ngazi mpaka sm 38. Hapo kwenye visivyokwepeka ndo pa kukazia macho. Jiwe kubwa lililokaa pembeni ukaweza kulizunguka halihesabiwi, ila mzizi wa sm 15 uliokatiza njia yote huo unahesabiwa maana lazima uupande. Kwa wife wako kipimo ni hicho, mwambie sm 20 ni kama ukingo mrefu wa barabara, je anaweza kuushuka akiwa kwenye baiskeli? Kama hawezi basi bluu bado.

Sasa huo ni mwongozo, siyo sheria. Njia kibao kwenye apu hakuna aliyezipima kwa futi, mtu kapita na GPS yake, kaipakia, kachagua rangi kwa jinsi alivyojisikia siku hiyo. Na sehemu yenye miamba mitupu watu wake wamezoea, kwao bluu ndo njia ya kawaida ya kila siku. Kwa hiyo rangi ichukulie kama mpangilio wa ndani ya eneo hilo moja tu, inakwambia hii ni ngumu kuliko ile jirani yake, basi. Ukifika eneo jipya anza ngazi moja chini ya ile uliyoizoea, pita mara moja, utajua watu wa pale bluu yao ikoje.

Mzee_wa_Mteremko

Kijani kwanza kila sehemu mpya, hata kama we ni bingwa. Dakika 20 tu zinakutosha kujua udongo unashika au unateleza.

Kokoto

Naungana na MamaGia ila mi naona hata ukizijua rangi bado hujamaliza, maana rangi moja inabeba vitu ambavyo havihusiani. Mfano njia inayoitwa A-Line kule Whistler, Kanada, ni almasi nyeusi, lakini ardhi yake imesawazishwa vizuri tu, uzito wake uko kwenye matuta ya kurukia na spidi. Halafu kuna nyeusi ya msituni haina hata tuta moja, ni mizizi na mawe na ngazi mwanzo mwisho, unashuka kwa mwendo wa kobe. Mtu anaweza kuwa mkali wa moja na nyingine ikamtoa jasho. Dogo wako anaitafuta ile ya kwanza, wewe kwa maelezo yako naona ni mtu wa ile ya pili. Kwa hiyo swali la kwanza siyo rangi gani, swali ni ugumu wake unatokana na nini.

Halafu kuna urefu na kupanda, hapa ndo wageni wanaumia. Kijani ya km 25 yenye kupanda mita 700 haina jiwe hata moja lakini itamchosha mtu mpaka akifika kwenye mteremko mikono haina nguvu ya breki, na mtu aliyechoka anaanguka kwenye vitu vya kijinga. Anayeanza mpe km 5 mpaka 8 kwanza, akifurahi ataomba nyingine mwenyewe.

Wastani wa mwinuko nao usiuamini peke yake. Njia inaweza kuandikwa wastani asilimia 5 kumbe ni tambarare ndefu halafu kuna ukuta mmoja katikati. Fungua ule mchoro wa mwinuko uangalie sehemu inayosimama ghafla, au angalia mistari ya kontua kwenye ramani, ikibanana na njia inaikata moja kwa moja ujue hapo ni kuning'inia. Njia ikienda sambamba na mistari uko salama, pale ni kuzunguka mlima tu.

Video nazo zinadanganya sana. Kamera za kifuani na za helmeti zina lenzi pana, mteremko mkali unaonekana kama uwanja. Mi siangalii njia, namwangalia mwendeshaji kama video imepigwa kwa pembeni. Siti imeshushwa? Makalio yako nyuma ya siti? Anasimamisha baiskeli kabla ya kona? Hayo yote yanakwambia kitu. Na kama njia ina kipande kwenye Strava, ile apu ya kurekodi mazoezi, angalia watu wa kawaida wanatumia muda gani, achana na wale wa juu kabisa. Ukikuta km 1 ya kushuka wengi wametumia dakika 10, hiyo ni spidi ya mtu anayetembea, maana yake wanasukuma.

Kanyaga_Twende

Dah nashukuru sana, hii ya kumwangalia mwendeshaji sikuwahi kuiwaza. Na kweli ile bluu iliyonishinda ilikuwa mawe matupu, hii nyingine ilikuwa imechongwa.

Sasa kwa kundi lenye watu tofauti mnafanyaje? Maana hata nikipata njia tatu nzuri ziko mbali mbali, siwezi kumuacha wife peke yake msituni na dogo naye siwezi kumuacha aruke mwenyewe.

Dada_Pedali

Naomba nijibu hili mimi maana nilikuwa huyo wife lol

Usitafute njia, tafuta makutano. Yaani fungua ramani utafute sehemu moja ambayo vinjia kadhaa vifupi vinatoka na kurudi pale pale, kama petali za ua. Maegesho au ile sehemu ya kupumzikia inakuwa kambi. Kijani inatoka kulia inarudi, bluu inatoka kushoto inarudi, nyeusi iko juu. Mnaanza wote kijani kupasha misuli, halafu wewe na dogo mnaenda zenu bluu wife anarudia kijani yake au anapumzika, mnakutana tena. Anayetaka kuacha anaacha bila kuwaharibia wengine. Ile safari ndefu ya mzunguko mmoja wa saa tatu isiyo na pa kutokea ndo inayoleta ugomvi, maana ukishafika katikati kurudi ni mbali na kumaliza ni mbali.

Mkienda pamoja, kila penye njia panda wa mbele anasimama mpaka wa mwisho afike, na akifika mpeni naye dakika apumue. Mnanielewa wanaume humu? Nyie mmeshapumzika dakika tano, yeye anafika anahema mnasema haya twende. Huwezi kujifunza hivyo.

Kitu kingine ambacho rangi haisemi vizuri ni ukingo. Mimi mteremko haukuwahi kunitisha kama njia rahisi kabisa iliyopita ubavuni mwa bonde, kulia ukuta, kushoto hewa. Kitaalamu ni kijani, ila mwili ukishaingiwa na hofu mikono inakakamaa na ukiangalia bonde baiskeli inaenda bondeni. Soma maoni ya watu kwenye apu, wakitaja ukingo au kona zile za kugeuka kabisa kurudi ulikotoka, mwambie mapema aamue mwenyewe. Na akishuka kusukuma hapo muache asukume, usisimame chini unapiga kelele achia breki achia breki.

Kuhusu breki yenyewe, mfundishe kwenye uwanja tambarare siyo mlimani. Kidole kimoja kwenye kila breki, apunguze mwendo kabla ya kona siyo ndani ya kona, siti ishuke kidogo ili miguu imbebe. Wengi wanaonekana njia imewashinda kumbe siti iko juu kama ya baiskeli ya barabarani.

Kwa dogo tafuta sehemu yenye uwanja wa matuta mafupi, vile viduara vya kuzunguka bila kukanyaga pedali. Nyie mko kijani yeye yuko pale anachoka vizuri tu, na mnamuona.

Kokoto

+1 kwa Dada_Pedali. Kwa dogo naongezea, kuna tuta lenye mgongo bapa juu, ukishindwa kufika mwisho unatua pale pale juu unaendelea. Na kuna lile lenye pengo katikati, ukishindwa unaingia shimoni. Kwenye picha ya apu vinaweza kuonekana kitu kimoja. Aanze na mgongo bapa, na kila tuta jipya alipitie kwa miguu kwanza alione sehemu ya kutua.

Na wote mwangalie mshale. Njia nyingi za kuchongwa ni za upande mmoja, ukizipanda kwa chini unakutana uso kwa uso na mtu anayekuja kasi. Hata zile za pande zote mbili, kupanda na kushuka siyo kitu kimoja, ndo maana kwenye OpenStreetMap, ile ramani huria ya mtandaoni, ugumu wa kushuka una namba yake kuanzia 0 mpaka 6 na wa kupanda una yake. Apu nyingi hazikuonyeshi hilo kwa uwazi.

MamaGia

Mmesahau mvua. Mizizi iliyolowa, hasa iliyokatiza njia kwa mshazari, inageuza bluu kuwa kitu kingine kabisa, tairi linateleza kabla hujajua. Na udongo wa mfinyanzi ukiupita ukiwa mbichi unaacha mfereji, mfereji unakauka, wanaofuata wanaangukia humo. Kwenye Trailforks, apu ya ramani za njia za baiskeli, watu huandika hali ya njia, kama ni kavu, imelowa au imefungwa, angalia tarehe ya taarifa maana ya miezi miwili iliyopita haikusaidii kitu. Na ramani pakueni kwenye simu mkiwa bado nyumbani, msituni mtandao mara nyingi hamna.

Kanyaga_Twende

Nimempa wife asome uzi wote, amecheka alipofika kwa Dada_Pedali akasema huyo ananijua. Nimeshapata sehemu moja kwenye ramani ina kijani mbili fupi na bluu tatu zinatoka maegesho, na uwanja wa matuta upo. Wikiendi hii tunaenda kama haijanyesha.

Mzee_wa_Mteremko

Dogo ana helmeti gani?

Kanyaga_Twende

Ile ya kawaida mzee, ya juu tu.

Mzee_wa_Mteremko

Kwa matuta ya mgongo bapa mafupi itatosha, awe na glavu na vikinga magoti. Akianza kusogelea yale ya pengo mtafutie ya kufunika kidevu, na aivae kuanzia kijani ili aizoee, maana inapunguza kuona chini na inatia joto.