Mavyaa kaninunia kwa sababu ya nyimbo ya simu, niweke ipi?

BintiMkunazini:
Assalam alaykum jamani nna suali. Mie mshoni, wateja wananipigia kutwa kuulizia magauni yao, basi wiki ilopita nkajiunga na ile huduma mtu akikupigia anasikia nyimbo badala ya tuuu tuuu. Nkachagua taarabu ya kileo, mipasho, nlipenda mdundo tu wala maneno sikuyatia maanani. Wa mwanzo kupiga nani? Mavyaa! Kakuta anaambiwa sijui roho imuume sijui choyo chake kitamuua, kakata, leo siku ya tatu salamu yangu anaitikia kwa kichwa. Nishaapa sikumkusudia lakini wapi. Ipi isokuwa na fumbo?

Yakhe_wa_Wete:
Hahaha pole dada angu. Taarabu isokuwa na fumbo utaitafuta mpaka nywele ziote mvi, na ukizidi kuapa ndo anazidi kuamini. Weka qasida yaishe.

AbuuSalma:
Qasida sawa ila Qurani usiweke, ukipokea tu aya inakatika katikati, mie sipendi kabisa.

Fundi_Darajani:
Kwanza jua ile nyimbo haikai kwenye simu yako, inakaa kwa mtandao, ndo maana weye huisikii, na ukibadilisha simu itakufuata na laini yako, na salio wanakata ukijisahau. Jipigie kwa laini nyengine usikilize. Halafu laini ya simu imetengenezewa sauti ya mtu kusema, besi na dumbaki zinapotea, fidla inabaki inalia kama paka kabanwa na mlango. Mie nliweka ya Siti binti Saad, zile zilorekodiwa Bombay mwaka 1928, basi kwa ile mikwaruzo ya santuri kila anaenipigia ananambia mtandao wako mbovu hamia pengine 😂 Tafuta bashraf, ile wanayofungulia taarabu ya zamani, udi na kanuni na fidla, ala tupu, hamna anaetia neno hapo. Mavyaa atashika lipi?

BintiMkunazini:
Ahsante fundi, nimeweka bashraf jana. Leo asubuhi mavyaa kapiga, nkaiacha makusudi asikilize mpaka ikakata, kapiga tena. Napokea tu, ananambia: "Maneno umeyatoa kwa nini? Ulikuwa wataka kusema nini?"