Mjadala: Kanisa lililofungwa Wales, je, ligeuzwe kuwa baa ya wanakijiji?

Mleta mada:

Ndugu wachangiaji, kanisa dogo la kijiji huko Wales linapoishiwa waumini na kutangazwa kuuzwa, kisha wanakijiji wakajitokeza kulinunua kwa hisa ili wafungue baa yao wenyewe, je, wazuiwe kwa sababu ya historia ya jengo hilo? Msimamo wangu ni kwamba wasizuiwe, mradi jengo libaki mali ya ushirika wa kijiji na lisiangukie mikononi mwa mfanyabiashara mmoja.

Uzito wa historia hiyo haukwepeki. Makanisa mengi ya Wamethodisti na Wabaptisti wa Wales yalijengwa katika karne ya 19 kwa michango ya wachimba makaa ya mawe, wapasua mawe ya kuezekea na wakulima wadogo, na ndiyo yaliyokuwa ngome ya mapambano dhidi ya ulevi. Humo humo watoto walikusanywa katika vikundi vya Band of Hope, vilivyoanzia Leeds mwaka 1847, wakaweka ahadi ya kutoonja pombe maisha yao yote. Waumini hao ndio walioshinikiza hadi Bunge likapitisha sheria ya mwaka 1881 ya kufunga baa za Wales siku ya Jumapili. Tangu mwaka 1961 kila eneo liliruhusiwa kujiamulia kwa kura, na Dwyfor, kule kaskazini-magharibi, lilikuwa la mwisho kuiacha amri hiyo, mwaka 1996.

Ndiyo maana Wamethodisti wanapouza jengo, hati ya mauzo huweza kuwa na sharti kwamba pombe isiuzwe humo. Sharti la namna hiyo linaweza kumfuata hata mnunuzi anayekuja baadaye, ingawa sheria ya mali ya mwaka 1925 inampa mmiliki nafasi ya kuliomba baraza la ardhi lilifute au lilegeze. Naona ni haki nafasi hiyo iwepo, kwa kuwa waliokufa walijenga kwa ajili ya kijiji kilicho hai, na kijiji hicho hakiwezi kufungwa milele na mahitaji ya kizazi kingine.

Hata hivyo siungi mkono kila ugeuzaji. Kule Dublin, Kanisa la Mtakatifu Maria, alimofungia ndoa Arthur Guinness, mwanzilishi wa kiwanda cha bia cha Guinness, mwaka 1761, leo ni baa na mgahawa. Na huko Pittsburgh, Marekani, kanisa la Kikatoliki la Mtakatifu Yohana Mbatizaji lilifunguliwa tena mwaka 1996 kama kiwanda cha bia, matangi yakiwa yamesimamishwa mahali palipokuwa madhabahu. Majengo yameokolewa, na hilo nalishukuru, lakini kuyaweka matangi pale hasa ni jambo linaloniumiza, na waliosali humo hawakubaki na kura yoyote juu ya mahali pao.

Ushirika ni jambo jingine kabisa. Wanakijiji wa Llithfaen, katika rasi ya Llŷn, wamekuwa wakimiliki baa yao, Tafarn y Fic, tangu mwaka 1988, na wale wa Hesket Newmarket, kaskazini mwa England, waliinunua baa ya Old Crown mwaka 2003. Hayakuwa makanisa; nayataja kwa sababu ya umiliki, kwani katika ushirika wa namna hii kila mwanachama ana kura moja, awe na hisa nyingi au chache, na anayekerwa na jambo anaweza kulileta mkutanoni lipigiwe kura.

Mchangiaji:

Ndugu mleta mada, nakuheshimu, lakini unazungumza kana kwamba umiliki unatakasa matumizi. Sisi tunaojenga makanisa kwa michango ya Jumapili tunajua kwamba anayetoa senti yake anatoa pamoja na nia yake. Mama aliyempoteza mume kwa ulevi, akachangia jengo ambalo mwanawe angekulia mbali na pombe, hakuchangia ukumbi wa kijiji kwa ujumla. Alichangia mahali pasipo na pombe.

Mfikirie pia aliyeacha pombe na bado anapambana nayo kila jioni. Katika kijiji chenye watu mia tatu, mahali pa kukutana usiku mara nyingi ni pawili tu: baa na kanisa. Ukiligeuza kanisa kuwa baa, umemwambia abaki nyumbani. Kwa nini pasiwe duka, maktaba, jiko la pamoja, au ukumbi wa kwaya, jambo ambalo Wales inalipenda kuliko mataifa mengi?

Mleta mada:

Ndugu yangu, hoja ya aliyeacha pombe ni nzito kuliko zote ulizotoa, nami ningetaka ijibiwe ndani ya katiba ya ushirika: chumba cha pembeni, kilichokuwa cha shule ya Jumapili, kisiuziwe pombe kamwe, na kiwe na mlango wake. Lakini ukumbi wa kwaya unaofunguliwa mara moja kwa juma haulipi gharama za paa kubwa la mawe, na paa likivuja kwa miaka michache hakuna tena jengo la kubishania.

Kuna na suala la muda. Nchini England, sheria ya mwaka 2011 inaruhusu jamii kusimamisha mauzo ya jengo lililoorodheshwa kuwa mali yenye manufaa kwa jamii, kwa miezi sita, ili itafute fedha. Wales haina haki hiyo. Katika maeneo kama Llŷn, mwenye fedha kutoka mbali anaweza kulinunua na kuligeuza nyumba ya likizo kabla wanakijiji hawajamaliza kikao cha pili, na hapo aliyeacha pombe na mnywaji wote wamefungiwa nje.

Linalonisumbua bado ni kura yenyewe. Wajukuu wa waliojenga, ambao wengi wamehamia Cardiff, Liverpool na London lakini wazazi wao wamezikwa uani pa kanisa, je, wahesabiwe sawa na mkazi aliyehamia mwaka jana? Naomba wachangiaji waanzie hapo.