Mjadala: Kompyuta za steshenari zizuiwe kujiwasha upya baada ya apdeti?

Malimbe Juu: Wadau, naomba tulijadili hili. Juzi mdogo wangu alikuwa steshenari moja huku kwetu Mwanza anamalizia sura ya nne ya tasnifu, siku yenyewe ya kukabidhi. Akatoka kupokea simu. Kurudi, kompyuta imejizima, inajiwasha upya, inahesabu asilimia. Kurasa za mchana mzima hazipo. Msimamo wangu: kompyuta inayohudumia wateja izimwe apdeti, yaani masasisho ya Windows, kabisa. Mnasemaje?

Fundi Nyakato: Siungi mkono. Kuzima apdeti na kuzuia kujiwasha upya ni vitu viwili. Faili la mfumo likiwa linatumika Windows haiwezi kulibadilisha, ndiyo maana lazima iwashwe upya. Usipoiwasha, kiraka, yaani marekebisho ya kuziba tundu la usalama, kimeshuka lakini tundu bado liko wazi. Umenunua kufuli ukaliacha mezani. Dawa ni kuweka saa za kazi kwenye mipangilio ya apdeti. Zinafika hadi saa 18, na ndani ya muda huo haijiwashi upya yenyewe. Tatizo steshenari zetu zimejaa watu wanaojua kitufe cha kuprinti tu.

Mama Steshenari Mkolani: Fundi, hiyo sentensi ya mwisho umemwambia nani? Nafungua saa 1 asubuhi, nafunga saa 3 usiku. Nasajili watoto wa watu mikopo ya chuo, nawaombea ajira, natengeneza CV za watu ambao leo ni mabosi. Kitufe cha kuprinti tu?

Fundi Nyakato: Sijakutaja, dada.

Mama Steshenari Mkolani: Umesema "steshenari zetu". Mimi nina steshenari.

Bando Limekata: Nyie mnagombana, mimi kinachoniuma ni bando. Unawasha hotspoti utume barua pepe moja, GB zinayeyuka. Wekeni alama kwamba mtandao huo unalipiwa kwa kipimo, apdeti nyingi zitasubiri. Hapo kujiwasha upya nako kutapungua.

Mzee wa Butimba: Wanangu, msizime apdeti. Kuna kile kirusi cha 2016 kama sikosei, kiliwafungia Waingereza hospitali, kikadai fedha. Kilipita kwenye Windows XP za zamani.

Kijana wa Bwiru: Shikamoo mzee. Ni WannaCry, Mei 2017. Na waathirika wengi walikuwa Windows 7, si XP. Kiraka Microsoft walikitoa Machi mwaka huohuo, kama miezi miwili kabla. Waliopigwa wengi ni ambao hawakukiweka.

Mzee wa Butimba: Marahaba. Basi umeniunga mkono.

Malimbe Juu: Hospitali ya Uingereza ina watu wa TEHAMA wanaolipwa. Mdogo wangu kapoteza sura ya nne. Tusihamishe mada.

Kijana wa Bwiru: Hatujahama. Mwenye Windows toleo la Pro ana sera, yaani kanuni ya mfumo, ya kuzuia isijiwashe upya mtu akiwa ameingia, ila inafanya kazi tu kama umechagua apdeti zisakinishwe kwa ratiba. Toleo la Home halina kihariri cha sera, yaani programu ya kubadilisha kanuni hizo. Ila kote unaweza kusimamisha apdeti hadi siku 35. Viraka vya kila mwezi hutoka Jumanne ya pili, kwetu ni saa 2 au saa 3 usiku kutegemea majira ya Marekani. Ukishafunga duka Jumatano, washa upya mwenyewe, nenda kalale.

Sengerema Mpaka Mjini: Na wenye Windows 10? Usaidizi si uliisha 14 Oktoba 2025? Huku apdeti zenyewe hazipo, mnabishania nini?

Kijana wa Bwiru: Uliisha, isipokuwa kwa aliyejiandikisha mpango wa nyongeza wa viraka vya usalama. Hiyo ni hatari zaidi, mkuu, wala si nafuu.

Fundi Nyakato: Nusu ya mashine ninazoletewa zina Windows ya kukraki, apdeti zimeuliwa na aliyeiweka. Halafu virusi vikijaa mnaniita. Mteja anakuja na flashi yake, inachafua mashine, mashine inachafua flashi ya mteja mwingine. Wenye steshenari hawakagui.

Mama Steshenari Mkolani: Umerudi tena kwa wenye steshenari. Sisi tunakagua, mnanuna! Mwanafunzi anafika dakika kumi kabla ya muda kwisha, nikisema ngoja niiskani, ananiambia namchelewesha. Nikiacha, mashine inaanza kuficha mafolda na kutengeneza njia za mkato. Nani anatulipa sisi?

Sengerema Mpaka Mjini: Mama ana hoja. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe nakuja mjini kuchapa, na flashi yangu huwa ya kwanza kukataliwa. Sijawahi kununa.

Malimbe Juu: Kwa hiyo sura ya nne ilipotea kwa sababu ya flashi?

Fundi Nyakato: Ilipotea kwa sababu haikusevuliwa. Umeme wa hapa ukikatika pia utailaumu apdeti?

Malimbe Juu: Umeme ukikatika hakuna aliyeupanga ukatike tangu kiwandani akaniambia ni kwa faida yangu. Hiki kitu kinaamua chenyewe mtu akiwa kazini. Hapo ndipo ninapopinga, na sitarudi nyuma.

Mzee wa Butimba: Mwanangu, katika hilo niko nawe. Apdeti ziwepo, lakini mwenye mashine aulizwe, na asipojibu zisubiri.

Fundi Nyakato: Akiulizwa atabofya "baadaye" mpaka mwaka uishe, mzee. Nawaona kila siku.

Mama Steshenari Mkolani: Mimi saa za kazi nimeshaweka leo, 12 asubuhi hadi 4 usiku. Ila flashi zenu nitazikagua zote, za wanafunzi, za mafundi, hata ya mzee wetu. Asiyetaka kusubiri, daladala za Nyegezi ziko hapo nje.