Naomba ushauri: nataka kujitolea kituo cha watoto yatima hapa Tanga

Binti wa Makorora
Shikamooni wakubwa. Nimemaliza kidato cha sita, nasubiri matokeo, miezi miwili niko nyumbani tu. Nilikwenda na mama kupeleka mchele kwenye kituo kimoja njia ya Pongwe. Watoto wa miaka miwili, mitatu, walinikimbilia wakaning'ang'ania gauni, mmoja akaniita mama. Tangu siku ile silali vizuri. Nataka niwe naenda kila siku, niwabebe, niwalaze. Nianzie wapi?

Mlezi Mstaafu, Chumbageni
Marahaba mwanangu. Nimelea watoto kituoni miaka 11, kwa hiyo nisikilize. Mtoto mwenye mtu wake akiona mgeni hujificha kwanza nyuma ya kanga ya mama, akachungulia. Anayemrukia kila anayeingia getini amezoea kuachwa.

Alikuja kwetu dada mmoja, mpole sana, wiki sita. Mtoto wa miaka mitatu akawa wake: mgongoni yeye, kulishwa yeye. Siku ya kuondoka dada aliaga sisi tu, mtoto kalala, eti asilie. Alipoamka akaokota ndala moja ya yule dada, akaenda nayo getini. Uji tulimpelekea palepale. Kila bodaboda ikipunguza mwendo, anasimama. Wiki ya tatu akaacha kwenda. Siku moja akaanguka, goti likachubuka damu. Hakulia, hakuniita. Alikaa chini akalipuliza mwenyewe. Mpaka leo naliona lile goti.

Sisemi usiende. Anzia kwa Afisa Ustawi wa Jamii wa halmashauri, akwambie kama kituo kina leseni, maana Sheria ya Mtoto ya 2009 inataka hivyo. Wakikupokea bila kukuuliza kitambulisho wala barua ya serikali ya mtaa, ondoka. Hata mwenye nia mbaya atapokelewa vivyo hivyo. Ukishakubaliwa, omba kufua. Asubuhi mlezi mmoja ana watoto kumi na zaidi, mashuka yamelowa mkojo, uji uko jikoni. Ukishika beseni wewe, yeye atakayekuwepo kesho na keshokutwa anapata nafasi ya kumpakata anayelia.

Kaka wa Muheza
Bi mkubwa, kwa heshima, mtoto asiyepakatwa naye si anaumia? Bora wiki sita za upendo kuliko kukosa kabisa.

Mlezi Mstaafu, Chumbageni
Akija mwenyewe, baba, mpakate. Usimchague mmoja ukamfanya wako, na siku yako ya kuondoka waambie mapema, uwaage mchana wakiwa macho.

Na wengi wana ndugu. Yule wa ndala alikuwa na bibi yake kijijini, alimleta kwetu kwa kukosa maziwa tu. Ustawi walipomfuatilia, watu wachache tukachanga chakula cha kila mwezi, mtoto akarudi kwa bibi. Hata mwongozo wa Umoja wa Mataifa wa 2009 unataka walio chini ya miaka mitatu walelewe kwenye familia. Mchele wenu wa kituoni ni mzuri, ila muulizeni Afisa kama kuna bibi wa namna hiyo.

Binti wa Makorora
Nimekuelewa, bibi. Nimelia kidogo. Jumatatu nakwenda ustawi. Nitaomba Jumamosi za kufua, na nikipata chuo hapahapa Tanga nisiache. Nibebe sabuni gani?

Mlezi Mstaafu, Chumbageni
Ya mche. Ya unga isiposuuzwa vizuri inawawasha wadogo. Nepi za vitambaa anika mapema, zipate jua kali.