Polisi, mnataka mpigaji simu awe na uhakika gani ndipo mtoke kituoni?

Wakuu, nina hasira na sitazificha.

Majuzi usiku, nyumba ya jirani, tunatenganishwa na ukuta tu, dada wa kazi alipiga yowe la "nakufa", kikafuata kishindo, halafu kimya. Geti limefungwa kwa ndani, tunagonga hakuna anayeitika. Nikapiga simu kituoni. Afande akaniuliza, "Umemwona anapigwa? Una uhakika gani, labda ni televisheni." Nikamjibu sijaona, nimesikia. Akasema hayo mambo ya ndani ya nyumba za watu, nimtafute mjumbe, na kama nang'ang'ania basi nipeleke usafiri, gari la doria halina mafuta.

Asubuhi binti ametolewa mkono umevunjika. Hospitali wanataka PF3, ile fomu ya polisi ya majeruhi kutibiwa, kwa hiyo tukarudi kuipangia foleni pale pale kituoni!

Jamani, raia kazi yake ni kusema alichosikia. Kuthibitisha ni kazi ya askari, na hathibitishi akiwa amekaa kaunta. Sheria ya Jeshi la Polisi inataja kuzuia uhalifu, na Katiba ya Tanzania ibara ya 14 inazungumzia haki ya kuishi na kupata hifadhi ya maisha. Unazuiaje kitu unachosubiri kwanza kikamilike ndipo uamini?

Najua kisingizio chao: simu za utani ni nyingi. Sawa, zipo, na zinakera. Lakini laini zetu zimesajiliwa kwa alama za vidole, na mwaka 2020 ambao hawakusajili walianza kuzimiwa. Anayedanganya anapatikana, mshughulikieni yeye. Msimwadhibu binti aliyefungiwa ndani kwa makosa ya mtoto aliyechezea simu.

Uingereza tangu 2002 wana utaratibu wa mtu asiyeweza kuongea: ukipiga 999 kwa simu ya mkononi, ukiombwa unabonyeza 55, unaunganishwa na polisi. Hujatamka neno! Sisi tunaeleza mpaka rangi ya geti, bado tunaambiwa hatuna uhakika.

Na sisemi waje kwa mabomu na kuvunja milango. Wichita, Marekani, Desemba 2017, polisi walimuua kwa risasi mtu asiye na kosa mlangoni kwake kwa sababu ya simu ya uongo. Kwenda kuangalia si kuvamia. Askari wawili wagonge, wamwone binti kwa macho, waongee naye pembeni bila bosi wake. Kama ilikuwa televisheni, wageuze waondoke, hakuna aliyepoteza kitu.

Msipokuja mnajua kinachofuata mitaani: mtu anapiga kelele za mwizi, vijana wanatoka na mawe na matairi, na hapo hakuna anayeuliza uhakika.

Mafuta yakiisha, mpigieni polisi kata aende hata kwa bodaboda. Na kila simu iandikwe kitabuni: saa, mtaa, mpigaji kasema nini, na nani kaamua asiende mtu. OCD, mkuu wa polisi wa wilaya, alipitie hilo jina kila asubuhi.