Naomba ushauri: kamera nyepesi ya kupiga picha za wadudu kwa karibu

Kichuguu (Lubumbashi) ameuliza:

Ndugu wapiga picha, nawasalimu wote. Napenda sana kupiga picha za wadudu, hasa wanaoishi katika miombo na kwenye vichuguu vikubwa vinavyouzunguka mji wetu: mchwa askari, vunjajungu, mbawakavu, na nyuki wanaotembelea maua ya porini. Ninatumia kamera ya Canon 6D yenye lenzi ya makro (ya kupigia vitu vidogo kwa karibu) ya milimita 100, na juu yake nimeweka flashi kubwa ya betri nne. Kamera ina gramu 770, lenzi gramu 625, na flashi ikiongezwa mzigo wote unakaribia kilo 2.

Uzito huo si shida ukiwa begani. Shida inaanza ninapopiga magoti mbele ya kichaka, nikanyoosha mikono na kubana pumzi nikingoja vunjajungu ageuze kichwa, kwa sababu baada ya muda mfupi kifundo cha mkono wa kulia kinauma, mikono inatetemeka, na jicho la mdudu ambalo ndilo nililolifuata linatoka bila ukali wowote. Stendi ya miguu mitatu haifai, maana kabla sijamaliza kuitega mdudu amekwisha kuondoka.

Harusi na ubatizo nitaendelea kuzipiga kwa kamera hii. Kwa wadudu nataka vifaa vingine, vyepesi, vinavyoshikika kwa mkono hata saa mbili mfululizo, na vinavyoweza kumwonyesha mdudu kwa ukubwa wake halisi juu ya kihisi (kile kipande ndani ya kamera kinachopokea mwanga na kutengeneza picha) au zaidi. Bidhaa za namna hii hapa kwetu huingia kupitia mpaka wa Kasumbalesa au huletwa na msafiri, kwa hiyo hakuna kujaribu na kurudisha. Je, nikihamia kwenye kihisi kidogo nitapoteza nini hasa?

Kereng'ende (Bukavu) amejibu:

Ndugu Kichuguu, kwa picha za mandhari au za ukumbini usiku ningekushauri ubaki na kihisi kikubwa, lakini kwa wadudu mambo yanageuka, na naomba nieleze kwa hesabu ili uamue mwenyewe.

Kihisi cha 6D kina upana wa takriban milimita 36. Ukipiga kwa ukubwa halisi, nyuki mwenye urefu wa milimita 12 anachukua theluthi moja tu ya upana wa picha. Kihisi cha mfumo wa Micro Four Thirds, yaani kamera za kihisi kidogo zinazobadilishwa lenzi, kina upana wa milimita 17.3, na nyuki yuleyule, kwa ukuzaji uleule, anachukua zaidi ya theluthi mbili. Ili uyafikie hayo kwa kamera yako ya sasa ingekubidi utafute ukuzaji wa mara mbili, na lenzi za kazi hiyo kwa kihisi kikubwa huwa nzito. Lenzi ya Canon inayokuza kuanzia mara 1 hadi mara 5 ina zaidi ya gramu 700, na haina fokasi ya kujiendesha.

Sasa tazama uzito. Kamera ya mfumo huo, Olympus E-M10 Mark II, ina gramu 390 pamoja na betri, na lenzi ya M.Zuiko ya milimita 60 iliyotoka mwaka 2012 ina gramu 185. Jumla ni gramu 575, yaani kamera na lenzi kwa pamoja ni nyepesi kuliko lenzi yako peke yake. Tofauti hiyo utaisikia kifundoni siku ya kwanza.

Unachopoteza ni uwezo wa kupiga katika mwanga hafifu bila chembechembe kwenye picha. Hata hivyo, mpiga picha wa wadudu hutumia flashi karibu wakati wote na ISO yake (kiwango cha wepesi wa kihisi kuitikia mwanga) hubaki 200 au 400, kwa hiyo hasara hiyo hutaiona mara nyingi. Jambo la kuzingatia zaidi ni tundu la lenzi, linalopimwa kwa namba za f: namba ikiwa kubwa, tundu ni dogo. Ukifikia ukubwa halisi, f/8 inapitisha mwanga kama f/16, na kwenye kihisi kidogo ukali wa picha huanza kulegea ukizidi hapo. Mimi hubaki kati ya f/5.6 na f/8. Kwa f/8 sehemu inayotoka kali ni nusu milimita hivi, kwa hiyo usitarajie mdudu mzima aonekane wazi. Chagua jicho, na mwili wake uulaze sambamba na kihisi kadiri mdudu anavyokuruhusu.

Mama wa Nyigu (Goma) ameongeza:

Kwa anayetaka wepesi kupita vyote, ipo Olympus TG-6 yenye gramu 253, ambayo haiogopi mvua wala vumbi na inapiga kitu kilicho sentimita 1 tu mbele ya lenzi. Ninayo na ninaipenda kwa sisimizi na vidukari wanaotulia. Kwa kereng'ende na nyuki siipendekezi, kwa kuwa ukisogea kiasi hicho unamfukuza mdudu na kivuli cha kamera kinamfunika.

Kichuguu (Lubumbashi) ameuliza tena:

Yaya Kereng'ende, asante sana kwa hesabu hizo, nimezielewa. Bado nina maswali mawili. Lenzi ya milimita 60 inamfikia mdudu kwa umbali gani? Na flashi kubwa nikiiacha, je, kidogo itatosha?

Kereng'ende (Bukavu) amejibu:

Kwa ukubwa halisi lenzi hiyo inahitaji sentimita 19 kutoka kihisini hadi kwa mdudu, na ukiondoa urefu wa lenzi na unene wa kamera unabakiwa na chini ya sentimita 10. Inatosha kwa wadudu wengi, ingawa kwa vipepeo ni karibu mno.

Ipo njia nyingine ninayoithamini sana, nayo ni nafuu: lenzi ya kawaida ya M.Zuiko 40-150 yenye gramu 190, ikibanwa mbele yake kioo cha kukuzia cha Raynox DCR-250. Kioo hicho kina nguvu ya dayopta 8 (dayopta ni kipimo cha nguvu ya kioo cha lenzi), maana yake ukiiweka fokasi ya lenzi kwenye mbali kabisa, mdudu ataonekana wazi akiwa sentimita 12.5 mbele ya kioo, uwe umevuta lenzi au umeirudisha. Ukuzaji unaupata kwa kugawa urefu wa lenzi kwa 125, kwa hiyo kwenye milimita 150 unafika mara 1.2, na kwenye milimita 40 unabaki karibu theluthi moja. Unaweza kumpiga vunjajungu sehemu kubwa ya mwili, kisha kichwa peke yake, bila kusogeza goti. Mdudu akiruka unakitoa kioo kwa vidole viwili na lenzi yako inarudi kuwa ya kawaida.

Mwanga Laini (Lubumbashi) amejibu:

Naomba nijibu la flashi, kwa sababu naona ndilo litakaloamua kama utazifurahia picha zako.

Flashi kidogo inatosha kabisa, kwani mdudu yuko sentimita chache tu kutoka kwenye mwanga. Tena flashi ikitumiwa kwa nguvu ndogo huwaka kwa muda mfupi mno, mfupi kuliko mtikisiko wa mkono, na hapo ndipo unapopata ukali bila stendi. Hata ile iliyojengwa ndani ya E-M10 inafanya kazi, mradi uukamate mwanga wake na kuupeleka mbele ya lenzi. Ukiiacha wazi, lenzi itamtupia mdudu kivuli.

Mbawakavu wetu weusi wanaong'aa ndio mtihani. Ukiwapiga kwa mwanga usiochujwa, mgongo unatoka na doa moja jeupe lililoungua na pembeni giza tupu. Chukua karatasi ya plastiki nyeupe iliyo laini, ile inayofungiwa vyombo vya umeme dukani, uikunje iwe upinde unaoanzia kwenye flashi na kuinama juu ya ncha ya lenzi, kisha uibane kwa mpira. Isogeze karibu na mdudu kadiri uwezavyo bila kumgusa, maana kadiri uso wa mwanga unavyokuwa mpana machoni pa mdudu ndivyo kivuli kinavyolainika. Kifaa kizima hakifiki gramu 30, na mgongo wa mbawakavu utaonyesha mistari na vishimo vyake vyote.

Kuhusu mikono: usizungushe pete ya fokasi. Weka ukuzaji unaoutaka, shika kijiti alichokalia mdudu kwa mkono wa kushoto, egemeza lenzi juu ya vidole hivyohivyo, halafu sogea mbele polepole na ubonyeze jicho linapofika kwenye ukali. Hivyo mdudu na kamera vinayumba pamoja. Asubuhi za Juni na Julai hapa kwetu joto hushuka chini ya nyuzi 10, na ingawa wadudu ni wachache kuliko wakati wa mvua, wale utakaowakuta kabla jua halijawapasha huwa wazito na wanavumilia kuguswa kijiti.

Kichuguu (Lubumbashi) amejibu:

Nimeamua. Nitaanza na E-M10 Mark II iliyotumika, lenzi ya 40-150 na kioo cha Raynox, na ile ya milimita 60 nitaitafuta baadaye kwa ajili ya mchwa. Kuna jambo la kumwomba muuzaji aniangalizie kabla msafiri hajalipa?

Kereng'ende (Bukavu) amejibu:

Mwambie amulike ndani ya lenzi kwa tochi kutoka nyuma na akutumie picha. Nyuzinyuzi nyeupe zinazofanana na utando wa buibui ni kuvu, na lenzi hiyo uiache. Apige pia ukuta mweupe kwa f/16 ili madoa ya kihisi yaonekane. E-M10 haijakingwa dhidi ya maji wala vumbi, kwa hiyo kwa vumbi lenu jekundu la kiangazi usibadilishe lenzi porini. Kioo cha Raynox kibandike na ukibandue upendavyo, kamera yenyewe ibaki imefungwa.

Kama una mikono mikubwa, tafuta pia kishikio cha ziada cha mbele kilichotengenezwa kwa ajili ya modeli hiyo. Mwili wa kamera ni mwembamba, na bila kishikio vidole vinalazimika kubana kwa nguvu, jambo litakalokurudishia maumivu yaleyale ya kifundo.